Gololi za nyuma kuisha mapema

Ndugu, umeuliza kwa nini gololi za gurudumu la nyuma la baiskeli yako zinaisha kila mara ilhali za mbele hujawahi kuzigusa. Nyuma ndiko uzito uliko: wewe, keria na madumu ya maji. Tena kwenye baiskeli za friwili (gia ya nyuma inayoskrubiwa kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu), ekseli (chuma cha katikati ya gurudumu) upande wa mnyororo hutokeza mbali bila kushikiliwa, na ikipinda kidogo tu, koni (nati inayobana gololi) inasaga gololi vibaya. Itoe ekseli, iviringishe juu ya kioo uone kama inayumba. Usikaze koni mno (mafundi wengi wana tabia hiyo). Badilisha gololi zote pamoja, kwa kawaida za robo inchi, 9 kila upande. Ukichanganya mpya na kuukuu, mpya zitabeba mzigo peke yake, kwani kuukuu zimeshapungua ukubwa. Na mashine ya kuoshea kwa maji ya presha usiielekeze kwenye habu, inafukuza grisi.