Waya uliungua, ulipasuka au ulilipuka?

SWALI: Katika ripoti ya maabara niliandika kwamba kapasita (kifaa cha kuhifadhi chaji ya umeme) ilipoachia chaji, "waya mwembamba wa shaba uliungua na umeme". Mwalimu akafuta, akaandika "ulilipuka". Mwenzangu anashikilia "ulipasuka". Nani yuko sahihi?

JIBU: Mwalimu wako. Wapo watakaokwambia kwamba "kuungua" lazima pawe na moto, usiwasikilize. Wali huungua sufuriani bila kuwaka, na fyuzi ikikatika fundi yeyote atasema imeungua. Ila kilichoungua hubaki pale pale, kimeharibika tu. Waya wa jaribio la namna hii haubaki. Mkondo wa maelfu ya ampea huupitia kwa mikrosekunde chache, yaani sehemu chache za milioni za sekunde. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1085 za Selsiasi, na kabla haijapata hata nafasi ya kudondoka imeshakuwa mvuke. Mvuke hutanuka ghafla, huisukuma hewa kwa kishindo, nanyi mkasikia "paa!" Huko ndiko kulipuka, na hutokea hata waya ukizamishwa majini.

"Kupasuka" waachie glasi, tairi na bomba. Nishati ikiwa ndogo, waya huweza kuachana vipande vipande badala ya kugeuka mvuke wote, lakini hata hapo ningeandika "ulikatikakatika". Kitu chembamba kama uzi hukatika, hakipasuki.

Kinachonisumbua zaidi ni hiyo "na" yako. Mitaani tunasema "ameungua na moto" na tunaelewana, sawa. Kwenye ripoti, kitenzi cha -ka hakina mtendaji, kwa hiyo "ulilipuka na umeme" hukaa vibaya: andika "ulilipuka kwa umeme". Ukitaka mtendaji aonekane, nenda kwenye "kulipua": katika miaka ya 1850 nyaya za dhahabu zililipuliwa na mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday kwa umeme, akachunguza rangi za vumbi lililonata kwenye kioo. "Na" imembeba mtu, "kwa" imebeba nyenzo.

Na kwa kuwa hukuuliza lakini utaulizwa: waya huu, nyaya hizi. Katika mashine ya Z, mtambo wa kuachia mipigo mikubwa ya umeme katika maabara ya Sandia, Marekani, nyaya za metali ya tungsteni, nyembamba kuliko unywele, hulipuliwa mamia kwa pamoja. Hapo ni "zililipuka", si "walilipuka" kama nilivyowahi kusoma mahali.