Majitaka uswahilini: kabla ya bomba, pa kupitishia bomba

Mkuu, umeuliza mtaa wenu uanzie wapi, maana nyumba zimebanana, vyoo vinajaa na gari la majitaka halifiki. Nimekulia Vingunguti, Dar es Salaam, nyumba ya vyumba sita na choo kimoja uani, kwa hiyo najibu kwa niliyoyaona.

Msikimbilie kununua bomba. Kwanza mjue litapita uani kwa nani.

Kwetu shimo likijaa watu walisubiri mvua kubwa. Usiku wanatapisha vyoo, yaani wanatoboa pembeni, uchafu unaondoka na maji ya mvua. Sisi tulikaa bondeni. Asubuhi moja ya masika nilimkuta mama ukumbini, kanga kaikunja hadi magotini, anapanga viroba vya mchanga kuzuia uchafu wa jirani ambaye wiki ileile alituletea futari. Jirani yule hakuwa mtu mbaya. Hakuwa na pa kuupeleka.

Kilichotuokoa ni mabomba madogo ya inchi 4 yanayopita uani badala ya barabarani, mtindo ulioanzia Brazil miaka ya 1980. Kwa kuwa magari hayapiti juu yake, huna haja ya kuchimba sana. Mtaro wetu ulifika magotini. Kila nyumba ina chemba yake, yaani kishimo chenye mfuniko cha kukagulia na kuzibulia bomba, halafu yote yanakutana kwenye bomba kubwa hadi mabwawa ya majitaka ya hapohapo Vingunguti. Simamieni mteremko kwa macho yenu. Fundi wetu alipima kwa mpira mwembamba uliojazwa maji, kila mita inashuka sentimita moja. Kuna kona moja alilazimika kukwepa msingi wa nyumba, mteremko ukapotea, na hapo ndipo panapoziba hadi leo.

Kazi kubwa ilikuwa ridhaa. Mwenye nyumba mmoja aligoma miezi minne, akihofu kwamba bomba likishapita, kiwanja si chake tena. Simlaumu. Wengi wetu tulikuwa na leseni ya makazi tu, zile zilizoanza kutolewa Dar mwaka 2004, nazo ni za muda. Tulimalizana ofisi ya serikali ya mtaa: tukaandikishana kwamba mpaka wake haubadiliki, mashahidi wakasaini.

Linaloniuma mpaka sasa ni wapangaji. Jumapili nyingi ndio walioshika majembe, na vyoo vilipopendeza baadhi yao wakapandishiwa kodi, wakahama. Kwenye karatasi hiyohiyo ya ridhaa, andikeni kodi itabaki ilivyo kwa muda gani. Sisi hatukuandika.

Na mchango wa kuzibua uanze siku ya kwanza. Kila mwezi tunafungua chemba, tunatoa mchanga, matambara na pedi. Ufunguo wa mifuniko anakaa nao mama yangu, kwa sababu nyumba yetu ndiyo ya chini kabisa, na bomba kubwa likiziba maji yanarudi kwake kwanza.