Tumeshinda Mechi Moja, na Nina Neno kwa Makocha Wenzangu

Jumamosi iliyopita timu ya futiboli ya Kimarekani ya chuo chetu kidogo hapa Kansas, ambako mimi ni kocha msaidizi wa safu ya ulinzi, ilishinda kwa mara ya kwanza baada ya kupoteza mechi 14 mfululizo. Tuliwazidi wapinzani wetu kwa pointi tatu tu, nao hawakuwa timu ya kutisha. Hata hivyo, nilipofika nyumbani nilibaki ndani ya gari nikilia, kwa kuwa nilikumbuka jinsi mkubwa mmoja wa chuo alivyosema msimu uliopita, mbele ya vijana wangu, kwamba fedha za futiboli zingefaa zaidi kupaka rangi madarasa. Maneno yale yananiuma hadi leo.

Msomaji mmoja, kocha mwenzangu, ameniuliza ushindi mdogo kama huu una faida gani. Namjibu kwa habari ya jirani zetu wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas, mjini Manhattan, humu humu Kansas. Kocha Bill Snyder alipokabidhiwa timu yao ya futiboli mwishoni mwa mwaka 1988, haikuwa imeshinda tangu Oktoba 1986. Tarehe 30 Septemba 1989, dhidi ya timu ya chuo cha North Texas, mchezaji wao Carl Straw alirusha pasi ya mwisho ikadakwa na mwenzake Frank Hernandez, na ukame ule ukakoma. Huo ndio ulikuwa ushindi wao pekee msimu mzima. Mechi nyingine kumi walipoteza. Lakini mwaka 1990 walishinda mechi tano, mwaka 1991 saba, na mwaka 1998 walishinda zote 11 za msimu wa kawaida.

Mimi niliyezaliwa Tanga na kulelewa na soka, nikaujua mpira huu wenye umbo la yai nikiwa mtu mzima, nimejifunza kwamba mchezaji aliyezoea kushindwa hamwamini kocha wake, hata kocha akisema kweli. Vijana wangu walifundishwa kukaba kwa mabega, vichwa vikiwa juu, tangu Agosti. Walitii, ila kwa shingo upande. Jumamosi walikaba hivyo katika dakika ya mwisho, mpinzani akaanguka hatua mbili kabla ya mstari wa goli, nao wakaona kwa macho yao kwamba mafunzo yale yana maana. Ushindi haukuwaongezea ustadi wowote. Uliwapa sababu ya kuamini ule waliokuwa nao.

Kwa hiyo, kocha mwenzangu, usibadilishe mazoezi kwa sababu umeshinda. Waonyeshe vijana picha za mechi, uwaoneshe hasa pale kazi yao ya kila siku ilipozaa matunda, kisha rudia mazoezi yale yale. Udongo uwahi ungali maji: wapigie wanafunzi wa sekondari unaotaka kuwasajili wiki hii hii. Na ikiwa hukufanya kazi kabla ya ushindi, usiutegemee ushindi huo ukufanyie kazi, kwani bahati haijengi timu, na kocha mvivu anawaibia vijana miaka yao minne ya chuo.

Jumatatu asubuhi kijana aliyerudisha jezi yake mwezi uliopita alikuwa akinisubiri mlangoni. Hakuzungumza sana. Nilikuwa nimemwekea jezi ile kabatini muda wote huo, nikampa.