Unapima mwanga wa kavitesheni? Anza na giza kwanza

Watu wengi wakianza kupima mwanga wa kavitesheni (yaani mwanga unaotokana na viputo kuzaliwa na kusinyaa majini) kwenye mifereji midogo wanakimbilia kuongeza presha. Mimi nashauri uanze na giza, maana mwanga wenyewe ni hafifu mno, unahesabu fotoni mojamoja kwa fotomaltiplaya (kifaa cha kunasa mwanga hafifu sana), na mwanga wowote unaovuja unahesabiwa humohumo.

Inavyokuwa ni hivi, maji yakipita kwa kasi pale mfereji unapobanwa presha inashuka mpaka chini ya presha ya mvuke, ambayo kwa nyuzi 25 ni kama kilopaskali 3.2 tu, viputo vinazaliwa, mbele kidogo presha inarudi na vinasinyaa ghafla, gesi iliyobaki ndani inapata joto kali na molekuli za maji zinavunjika kutoa radikali za OH (vipande vya molekuli vinavyoshambulia kemikali nyingine haraka). Kama umeweka kemikali ya luminoli kwenye maji yenye alkali, radikali hizo zinaioksidisha nayo inatoa mwanga wa bluu, nanomita 425 hivi. Usichanganye na ule mwanga ambao Frenzel na Schultes waliuona 1934 kwenye maji yaliyopigwa mawimbi ya sauti, ule ni wa viputo vyenyewe, huu unatoka kwenye kemia.

Sasa shida iko hapa: luminoli inawaka polepole hata bila viputo, oksijeni iliyoyeyuka inatosha, na kukiwa na chembe za shaba au chuma ndo usiseme. Ndo maana mimi huweka EDTA kidogo izishike hizo metali, na mchanganyiko nauandaa siku hiyohiyo. Chipu nayo (kile kipande cha kioo chenye mifereji) iache gizani muda mrefu kabla ya kupima, kioo kilichokaa chini ya taa kinaendelea kutoa mwanga, utaona kaunti (idadi ya fotoni) zinashuka taratibu na pampu hata hujaiwasha!

Kipimo ninachokiamini mimi: mchanganyiko uleule, chipu ileile, unaanza chini ya presha inayozalisha viputo halafu unapanda huku unaangalia kwa hadubini. Kaunti zikipanda taratibu kufuata mtiririko tu, hapo bado huna kitu, zinatakiwa ziruke pale viputo vinapoanza. Kisha ongeza kidogo tert-butanoli, alkoholi inayonyang'anya zile OH, mwanga ushuke. Ila hadubini usiitoe, alkoholi inabadilisha na viputo vyenyewe, kwahiyo mwanga ukishuka pamoja na viputo kupungua, hapo hujathibitisha chochote kuhusu radikali.