TB kwenye neva ya mguu: ipo, ila usiikubali upesi

Mkuu, umeuliza kama TB inaweza kuingia kwenye neva (mishipa ya fahamu), maana mgonjwa wako yuko wiki ya sita ya dawa, wayo wa kulia unaburuta na ana uvimbe pembeni ya goti. Inawezekana, ila ni nadra mno. Kuna mambo matatu ya kuondoa kwanza.

Isoniazidi, mojawapo ya dawa za TB, huvuruga vitamini B6, na neva huumia. Lakini ganzi yake huja miguu yote miwili, inaanzia vidoleni, inachoma. Wayo mmoja ukidondoka peke yake, usiisingizie isoniazidi. Kinga ni piridoksini (ndiyo B6 yenyewe) miligramu 10 hadi 25 kwa siku. Ganzi ikishaanza, daktari hupandisha hadi 50 au 75. Msijiongezee wenyewe kwa miezi: B6 ikizidi sana nayo huharibu neva, ingawa wengi hawaamini.

Halafu mahali penyewe. Neva ya peronea inazunguka mfupa mwembamba wa nje, chini kidogo ya goti, karibu kabisa na ngozi. Mkalishe miguu ikining'inia, ainue wayo juu, kisha ageuze unyayo utazame ndani. Akishindwa kuinua tu, shuku neva hiyo. Akishindwa vyote viwili, tatizo huenda liko juu zaidi: neva ya siatiki (ile kubwa ya mguu), au mzizi wa neva unaobanwa na TB ya pingili za mgongo. Hapo picha ya MRI ya mgongo itangulie ya goti. Na miguu yote ikilegea au mkojo ukigoma, ni hospitali leo leo.

Panapowapotosha wengi ni ukoma. Neva inanenepa kama kamba, na inaweza kufanya jipu ndani yake lenye uozo mweupe unaofanana kabisa na wa TB. Tafuteni baka lisilohisi mguso mwili mzima, mpaka makalioni. Darubini peke yake haiamui, kwa sababu vimelea wa magonjwa yote mawili hushika rangi nyekundu. Wa TB huota maabara na kipimo cha GeneXpert huwatambua. Wa ukoma hawaoti kabisa.

Kwa hiyo sampuli ndiyo kesi yenyewe. Ianze sindano ikiongozwa na altrasaundi, maana kukata kipande cha neva inayoendesha misuli kunaweza kuacha udhaifu wa kudumu. Usaha ugawanywe: chupa moja kavu au yenye maji ya chumvi safi, kwa GeneXpert na kuotesha, nyingine yenye formalini (dawa ya kuhifadhi sampuli), kwa patholojia, yaani kuchunguza tishu kwa darubini. Kosa linalojirudia ni kutumbukiza vyote kwenye formalini. Vimelea wanakufa, hawaoteshwi tena, na kujua kama ni sugu kwa dawa kunakuwa kugumu.

Ikithibitika ni TB, dawa ni zile zile: nne kwa miezi 2, kisha isoniazidi na rifampisini. Jumla ni miezi 6, ingawa wapo madaktari wanaorefusha. Uvimbe kukua wiki za mwanzo si lazima uwe usugu. Kinga ya mwili ikiamka nayo huvimbisha. Asiache dawa, ila usugu upimwe.

Wayo nao usisubiri majibu. Afungwe kishikizo cha nyuzi 90 sasa hivi, hata akilala, la sivyo kano ya kisigino itafupika na neva ikipona bado hatakanyaga vizuri. Neva huota kama milimita 1 kwa siku, msikate tamaa baada ya wiki mbili.

Ripoti ya altrasaundi ikitoka, iandike hapa bila jina lake.