Maiki ya anayeimba huku akipiga kinanda

Ndugu yangu wa Kizota, umeuliza ufanyeje: stendi iliyonyooka ya maiki yako inakulazimu uinamie kinanda, na ukiongeza sauti maiki inapiga mluzi. Pole, kuimba umejikunja kunabana pumzi kweli.

Tafuta stendi yenye mkono wa kukunja. Isimamishe pembeni, mkono upite juu ya kinanda bila kugusa viwiko. Mguu mmoja uelekee uliko mkono, la sivyo itaanguka. Kaa kwanza unavyokaa ukipiga, mgongo wima, ndipo uilete maiki mdomoni, sentimita 3 hadi 5, ikitokea chini kidogo ili uone vidole vyako.

Mluzi ni sauti ya spika kurudi kwenye maiki. Maiki ya Shure SM58 na nyingi za aina yake hazisikii sana upande wa nyuma, kwa hiyo spika ya kujisikilizia iwe mbele yako, mgongo wa maiki uitazame. Spika kubwa zisogezwe mbele zaidi, kuelekea kwa watu.

Kinanda kipe waya wake hadi kwenye miksa, mashine ya kuchanganya sauti. Mkiimba uwanjani, upepo wetu wa Dodoma mnaujua: ivalisheni maiki sponji.