Kwa anayeanza kumsoma Nemesis: usikimbilie neno "kisasi"

Ukianza kusoma visasili vya Wagiriki wa kale, utaambiwa mapema kwamba Nemesis ni mungu wa kike wa kisasi. Nami nilikariri hivyo mwaka wangu wa kwanza, nikaandika hivyo katika kila insha, na neno hilo likanikwamisha muda mrefu. Nakuomba wewe usipite njia hiyo.

Kwetu kisasi hakiji peke yake. Lazima awepo aliyekosewa, na yeye au ndugu zake ndio wanaolipiza. Sasa tazama kisa cha Croesus, mfalme wa Lydia, nchi ya kale iliyokuwa magharibi mwa Uturuki ya leo, anavyokisimulia Herodotus, mwanahistoria Mgiriki wa karne ya 5 KK. Croesus alimwonyesha Solon, mwenye hekima wa Athens, hazina zake, akamuuliza ni nani mwenye heri kuliko watu wote, akitarajia kutajwa yeye. Solon akawataja wengine, akaenda zake. Baada ya hapo, asema Herodotus, nemesis kubwa kutoka kwa mungu ilimshukia mfalme, yaelekea kwa kuwa alijiona ndiye mwenye heri kupita wote. Mwanawe Atys akauawa kwa mkuki katika mawindo ya nguruwe mwitu, na aliyeurusha ni Adrastus, mgeni ambaye Croesus mwenyewe alimpokea na kumtakasa hatia ya damu.

Nilimtafuta humo mtu aliyekosewa anayelipiza, sikumwona. Nilipoelekezwa kwenye mzizi wa jina ndipo kisa kikanifungukia: nemein, kwa Kigiriki, ni kugawa, kumpa kila mtu fungu lake. Nemesis humwinukia anayejitwalia zaidi ya fungu lake, hata kama ni katika mawazo tu.

Anza na neno kabla ya mungu. Kwa Homer, mshairi wa vita vya Troy, nemesis mara nyingi ni neno la kawaida tu. Wazee wa Troy wakimwona Helen, mwanamke aliyepiganiwa katika vita hivyo, anakuja ukutani, wanasema hakuna nemesis Watroy na Wagiriki kuteseka muda mrefu kwa ajili ya mwanamke kama huyo. Ukiweka "kisasi" hapo sentensi inavunjika. Weka "lawama", inakaa sawasawa. Kisasi cha damu kina wenyewe, nao ni Erinyes, miungu wa kike wanaomwandama Orestes kwa kumuua mama yake katika tamthilia ya Aeschylus ya mwaka 458 KK. Usiwachanganye na Nemesis.

Kisha soma habari za Rhamnous, mahali penye hekalu la Nemesis pwani ya Attica, jimbo la Athens, si mbali na Marathon. Pausanias, msafiri wa karne ya 2 BK, anaeleza kwamba Waajemi waliotua Marathon mwaka 490 KK walikuja na jiwe la marumaru la kisiwa cha Paros, tayari kuchonga nembo ya ushindi ambao hawajaupata. Walishindwa, na jiwe lile likachongwa sanamu ya Nemesis. Sijakutana na maelezo yanayomfafanua mungu huyu vizuri kuliko hayo. Pausanias anasema mchongaji ni Pheidias, Pliny, mwandishi wa Roma, anamtaja Agorakritos, mwanafunzi wa Pheidias. Andika kauli zote mbili. Kipande cha kichwa cha sanamu hiyo kiko British Museum, London.

Mkono wa kushoto wa sanamu ulishika tawi la mtufaha, wa kulia bakuli lililochorwa Waethiopia. Hao ni watu weusi wa kusini kwa jinsi Wagiriki walivyowafikiria, si raia wa nchi ya leo yenye jina hilo. Waliojidai kujua walimwambia Pausanias kwamba Waethiopia hukaa kando ya Oceanus, mto ambao Wagiriki waliamini unaizunguka dunia na pia ni mungu, na Oceanus ndiye baba wa Nemesis. Hakuridhika na maelezo hayo, naye akaandika wazi kwamba hakuridhika. Hesiod, mshairi wa kale, kwa upande wake anamtaja mama tu, Usiku, aliyemzaa bila mume. Kwa hiyo unapoandika "binti wa fulani", taja pale pale ni nani asemaye.